Binti aliyekatisha masomo bado ana pa kwenda, hata akiwa na mtoto mgongoni

Binti wa shule akipata ujauzito, swali la kwanza nyumbani huwa ni "ya nani?" La pili huwa ni nani mwingine anajua. Wajomba na mashangazi huitwa, vikao hukaa, baba humlaumu mama, mama huingia chumbani kulia. Swali la tatu, la binti huyu atasoma wapi akishajifungua, huchelewa sana kuulizwa. Katika baadhi ya familia haliulizwi kabisa.

Ukimya huo unagusa nyumba nyingi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Katika utafiti kama huo wa 2015/16 walikuwa asilimia 27. Kiwango kimeshuka, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Novemba 24, 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Kabla ya hapo, binti aliyejifungua alikuwa hana nafasi katika shule hizo. Tangazo hilo liliwapa wazazi wengi matumaini, na wapo mabinti waliorudi darasani.

Hata hivyo, ruhusa ni jambo moja na kurudi ni jambo jingine.

Kwa nini darasa la zamani huwa gumu

Binti aliyekuwa kidato cha pili anaporudi baada ya mwaka mmoja au zaidi, wenzake wameshamtangulia. Anakaa na waliokuwa nyuma yake, na wote wanajua kilichompata. Saa nne asubuhi maziwa yanajaa kifuani wakati mtoto yuko nyumbani, kilomita kadhaa kutoka shuleni. Mtoto akiugua, mama anakosa vipindi. Akikosa vipindi wiki mbili mfululizo, anaanza kujiambia kuwa shule si ya watu kama yeye.

Wazazi huona amekaa tu nyumbani na kusema binti hana nia. Mara nyingi nia anayo. Asichokuwa nacho ni mahali panapokubali kuwa yeye ni mwanafunzi na ni mama kwa wakati mmoja.

Mahali hapo papo, na kwa familia nyingi si mbali. Ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la FDC. Viko zaidi ya 50 nchini, vikiwamo vya Kisarawe, Handeni, Tarime, Masasi na Newala, na vinasimamiwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Vyuo vilivyoanzia kwa wanavijiji

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa ushirikiano na Sweden. Wazo lenyewe lina asili ya nchi za Skandinavia. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844, kutokana na mawazo ya mchungaji N.F.S. Grundtvig. Aliamini kuwa vijana wa mashambani wanastahili elimu inayowajenga kama watu, inayotolewa kwa mazungumzo na kuishi pamoja, bila kutishwa na mitihani.

Hapa nchini wazo hilo lilikutana na kampeni za elimu ya watu wazima. Mwanakijiji alikwenda chuoni kujifunza useremala, uashi, ushonaji au ufugaji, akarudi kijijini kuutumia ujuzi huo. Umri haukuwa kikwazo, na hata leo mtu mzima anaweza kukaa benchi moja na kijana wa miaka 18.

Historia hiyo ndiyo iliyovifanya vyuo hivi viwe tayari kumpokea binti ambaye mfumo wa kawaida ulikuwa umemwacha. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na Shirika la Karibu Tanzania kwa kushirikiana na vyuo hivyo, mabinti waliokatisha masomo wanasoma elimu ya sekondari pamoja na fani ya ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha. Vyuoni kumewekwa vituo vya kulelea watoto, ili mama anaposoma mtoto awe karibu.

Kituo cha watoto kinabadilisha mengi

Mzazi anayesikia habari ya kituo cha watoto anaweza kudhani ni nyongeza tu. Kwa binti anayenyonyesha, hicho ndicho kinachoamua kama atasoma au hatasoma. Asubuhi anamkabidhi mtoto kwa mlezi, anaingia darasani, wakati wa mapumziko anakwenda kumnyonyesha, kisha anarudi kwenye cherehani au kwenye hesabu zake. Hana haja ya kumwomba jirani kila siku, wala kumwachia mtoto wa miaka saba amlee mtoto mwenzake.

Mtoto naye ananufaika. Anacheza na wenzake, anaimba, anakula kwa wakati. Na mama, ambaye yeye mwenyewe hajamaliza kukua, anamwona mlezi akizungumza na mtoto kwa upole, akimtuliza bila kibao. Binti aliyelelewa kwa fimbo hujifunza kwa kuona kuwa kuna njia nyingine.

Kuna na jambo ambalo halionekani kwenye cheti. Binti aliyekuwa peke yake nyumbani, akidhani yeye ndiye wa kwanza duniani kukosea, anakutana na wengine waliopitia yaleyale. Wanacheka, wanagombana, wanaazimana kanga za kubebea watoto. Baadhi ya vyuo vina hata timu za soka za wasichana. Mzazi anaweza kushangaa mama mwenye mtoto anatafuta nini uwanjani. Anatafuta kile anachotafuta kila kijana wa umri wake: kukimbia, kupiga kelele na kuwa sehemu ya timu.

Stadi za maisha hufundishwa kwa majadiliano: afya ya uzazi na uzazi wa mpango, kutunza fedha kidogo, kusema hapana, kujua pa kwenda mtu akinyanyaswa. Kwa binti ambaye maamuzi yote ya maisha yake yamekuwa yakifanywa kwenye vikao asivyoalikwa, hilo si somo dogo.

Kabla ya chuo, atazamwe hali yake

Wataalamu wa afya hueleza kuwa mama mwenye umri mdogo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona baada ya kujifungua kuliko mama mtu mzima. Nyumbani hali hiyo huitwa uvivu, kiburi au kununa.

Dalili ni kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kukosa hamu ya kula, kulia mara kwa mara, kutomjali mtoto au kumwogopa, na kusema kuwa afadhali afe. Dalili zikidumu zaidi ya wiki mbili, apelekwe kituo cha afya. Akitamka kifo, asisubiriwe hata siku moja, na asiachwe peke yake. Kwa binti aliye chini ya miaka 18, namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116 na haina malipo.

Chuo kizuri kitaendeleza uponyaji huo, lakini hakiwezi kuwa badala ya tiba.

Nyumbani ndiko kunakojenga au kubomoa

Ziko familia zinazompeleka binti chuoni kwa mkono mmoja na kumrudisha nyuma kwa mkono mwingine. Akirudi likizo anakuta kazi zote zinamsubiri. Wadogo zake wanaambiwa wasimwige. Ndugu wakija, habari yake inasimuliwa upya mbele yake.

Ziko pia zinazochukua njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kumwoza kwa aliyempa ujauzito ili "kuyamaliza kifamilia." Mzazi akumbuke kuwa tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa ujauzito mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ng'ombe au fedha zinazopokelewa pembeni zinaficha kosa la jinai, na binti anakabidhiwa kwa mtu yuleyule aliyemuumiza.

Njia ya pili ni bibi kubaki na mtoto na binti kutumwa mjini kufanya kazi za ndani. Bibi hufanya hivyo kwa upendo. Matokeo yake ni mtoto asiyemjua mama yake na binti asiye na elimu wala malezi ya mtu yeyote. Msaada wa bibi una thamani kubwa unapompa binti nafasi ya kusoma na bado akabaki kuwa mama: amshike mtoto akiugua, ampokee likizo, lakini asichukue nafasi yake.

Baba naye ana lake. Mabinti wengi husamehewa na mama mapema, wakaishi miaka chini ya paa moja na baba asiyewasalimia. Baba akimsindikiza binti siku ya kwanza ya chuo, akabeba begi lake mbele ya majirani, amesema neno ambalo kikao hakiwezi kulisema.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Vyuo ni vingi, na si vyote vinavyotoa kile vinachotangaza. Mzazi aende mwenyewe, pamoja na binti, siku ya kazi. Aulize mambo haya:

- Je, chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET)? Usajili unaweza kuhakikiwa kwenye baraza lenyewe.
- Mwisho wa mafunzo atapata cheti gani, na kinatolewa na nani?
- Mbali na ada, kuna gharama gani za sare, malazi, chakula na vifaa vya mazoezi? Fani ya ushonaji, kwa mfano, inataka vitambaa.
- Kituo cha watoto kina walezi wangapi na watoto wangapi? Usiku mtoto analala wapi?
- Binti akiwa na tatizo, anamwendea nani? Kuna matroni au mshauri?

Fani achague binti mwenyewe. Wazazi hukimbilia cherehani kwa sababu wamezoea kumwona mwanamke ameikalia. Kabla ya kuamua, watembee sokoni wahesabu mafundi cherehani, kisha wahesabu mafundi umeme. Msichana anayeweza kuunganisha umeme wa nyumba hakosi kazi kwa sababu ya gauni.

Kama chuo kiko mbali

Anayetaka kumaliza sekondari tu anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kufanya Mtihani wa Maarifa (QT) kisha wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekwisha kujifunza kazi kwa fundi mtaani anaweza kwenda VETA, ambako kuna utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, akapata cheti.

Nyaraka za kuanza nazo ni cheti cha kuzaliwa cha binti, matokeo yake ya mwisho ya shule, na kadi ya kliniki ya mtoto. Ofisa elimu au ofisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kueleza chuo kilicho karibu na muda wa kupokea maombi.

Haraka ipo, kwa sababu mtoto anakua. Baada ya miaka michache naye atavaa sare na kuanza darasa la kwanza. Jioni atarudi na daftari, na wa kwanza atakayemuuliza maana ya neno asilolijua ni mama yake.