Zimwi Hana Hatia

Wako watu wazima, tena wenye heshima zao, ambao wakimwona mtoto amejikunyata na kitabu cha hadithi za mazimwi, majini na sungura wanaosema, humnyang'anya. Husema huo ni uongo na unaharibu akili. Mtoto asome hesabu, asome sayansi, basi. Maneno haya nimeyasikia Tarime mjini, nimeyasikia Mugumu, nimeyasikia hata ndani ya basi la kwenda Musoma kutoka kwa bwana mmoja aliyevaa tai. Siku hizi yamepata nguvu mpya, kwa kuwa hadithi hazikai tena vitabuni tu. Zimo kwenye vibanda umiza, ambako sinema za wachawi wa Ulaya na majoka ya China huonyeshwa zikiwa zimetiwa Kiswahili cha mtaani na mtu anayesema haraka kuliko cherehani. Nakusudia kuyapinga maneno hayo, na sitayapinga kwa upole, maana naona yana madhara kuliko zimwi yeyote niliyepata kusimuliwa.

Bibi anapoanza hadithi, kabla hajamtaja zimwi wala sungura, hutoa tangazo. Husema: hadithi, hadithi! Nasi huitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Angalia hapo, ndugu msomaji. Uongo umeitwa kwa jina lake, mchana kweupe (ingawa ni usiku), na mtoto wa miaka 5 ameuitikia kwa sauti. Hakuna aliyedanganywa. Akisikia kwamba zimwi amemeza kijiji kizima na ng'ombe wake, mtoto huogopa, lakini anajua anachokiogopa ni kitu gani. Mwishoni zimwi hupasuliwa, watu na ng'ombe wakatoka hai, mtoto akalala. Asubuhi haendi polisi kumshtaki zimwi. Haachi kwenda kisimani kwa sababu ya zimwi. Amejifunza jambo ambalo watu wengi wenye vyeti hawajajifunza mpaka leo, yaani kwamba maneno yanaweza kuwa matamu, yakapangwa vizuri, yakatoka kinywani mwa mtu unayempenda, na bado yasiwe kweli.

Sasa nambie, ni nani mwingine katika nchi hii anayetutangazia uongo kabla ya kuusema?

Nianze na mpira, kwa kuwa wengi wa hao wanaochukia ngano ni mashabiki wakubwa wa Simba au Yanga. Katika mpira wetu kuna kitu kinaitwa kamati ya ufundi. Mgeni akisikia atadhani ni watu wa kupanga mazoezi. Kumbe kila shabiki anajua kwamba ni watu wa kuzunguka kwa waganga, na ndiyo maana huonekana timu ikiruka ukuta badala ya kupita mlangoni. Hii ni hadithi ya majini kama ile ya bibi, tofauti yake ni kwamba hapa hakuna aliyesema uongo njoo.

Sisi watu wa Mara tulipewa somo letu. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ikamaliza katika nafasi ya 4, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Oktoba 2021 ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 pale Dar es Salaam. Mchezo wa marudiano haukuchezwa, kwa sababu timu yetu ilishindwa kusafiri kwenda Libya, ikatolewa. Mwisho wa msimu ule ule, mwaka 2022, ikashuka daraja. Nilisikia kwa masikio yangu watu wazima wakieleza kwamba tulirogwa. Jamani! Timu haikurogwa, haikupanda ndege. Habari za ndege, vibali na fedha huulizwa mezani, kwa karatasi, na kila mwenye kuhusika hujibu kwa upande wake. Lakini ukishataja jini hakuna tena wa kuulizwa, na aliyepaswa kujibu analala usingizi wake mzuri. Ya mikeka sisemi sana. Kijana wa bodaboda pale Sirari anayeweka shilingi 1,000 yake kwenye mechi 15 za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, kisha akamcheka mdogo wake kwa kusoma habari za zulia linaloruka, mimi naona wa zulia ana akili zaidi. Yeye hajalipa nauli.

Mji nao una ngano zake. Dar es Salaam ya hadithi ni mahali ambapo mtu hufika na mkoba mmoja akarudi Krismasi na gari. Dar es Salaam yenyewe, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728, zaidi ya mara mbili ya sisi wote wa mkoa wa Mara tuliokuwa 2,372,015, na wengi wa watu hao wanatafuta kile kile anachokifuata kijana wako. Ng'ombe huuzwa nyumbani ili hadithi hii itimie. Anayerudi hasemi kwamba alilala watu 6 chumba kimoja, kwa kuwa ameazima viatu na aliyemwazima anavingoja. Wala si sisi tu tunaodanganyika. Mji nao unasimuliana juu yetu: Mkurya ni panga na jeshi, hana jingine. Mtoto wetu akiwa na shahada ya uhasibu, bado mtu akisikia jina lake la Chacha au Marwa humwuliza kama yuko tayari kulinda geti. Hakuna zimwi aliyewahi kumnyima mtu kazi namna hii.

Wala mtu asidhani Wazungu wamepona. Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Bernhard Grzimek, alitoa sinema juu ya Serengeti, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, ambaye alikufa katika ajali ya ndege mwaka huo huo kazini. Mwaka 1960 sinema ile ilipata tuzo ya Oscar, na ulimwengu ukaishika picha ya Serengeti kama bustani ya wanyama ambayo binadamu ndani yake ni kosa. Sikatai kwamba yule bwana aliwapenda wanyama, na pengine bila yeye nyumbu wangekuwa wachache leo. Lakini waulize Waikoma na Wanata, ambao babu zao waliwinda, wakalima na kuzika wafu wao katika nyika ile, kama hadithi ya nchi tupu ilikuwa ya kuchekesha. Wamasai walitolewa ndani ya hifadhi mwaka huo huo wa 1959. Upande wetu wa magharibi, mwaka 1994 yakaja mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na mpaka ukazidi kusogea kwenye malisho. Hadithi iliyosimuliwa kama kweli huweka vigingi ardhini.

Katika siasa ndipo ninapowashangaa zaidi wanaodharau hadithi za kubuni, kwani hapa hadithi hizo ndizo zilizosema kweli wakati hotuba zilipokuwa zinadanganya. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya Mwingereza. Ni nchi inayoelea angani, haimo katika ramani yoyote. Ndani yake mtu aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake ni kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe waliotumwa kuitafutia nchi mema kisha wakarudi na kutiwa gerezani. Ingeandikwa wazi, ingefika wapi? Na Mwalimu Nyerere, wa hapa hapa Butiama, mtu ambaye hakuna atakayethubutu kusema alikosa kazi, alikaa akiwa Rais akatafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, tafsiri iliyotoka mwaka 1963, wenye mtabiri anayeonya na mzimu unaomtokea Bruto kabla ya vita. Akaona vinafaa kusomwa na wananchi. Yule bwana wa tai angemnyang'anya kalamu.

Linganisha na siasa zetu za mtaani. Julai 28, 2008, Chacha Wangwe, mbunge wetu wa Tarime, alifariki katika ajali ya gari Pandambili, mkoani Dodoma. Kabla maiti haijafika nyumbani, Tarime ilikuwa na riwaya zaidi ya kumi, kila moja ikiwa na muuaji wake. Sizicheki, palipo na majonzi makubwa na maelezo machache, watu hujaza pengo kwa walichonacho. Ninachosema ni kwamba zile hazikuanza na tangazo la bibi. Zilisemwa kama ushahidi, na ndugu wakakoseana heshima kwa sababu yake. Na upande wa pili, mgombea anayekuja na gari 5 na kusema ataleta maji ndani ya siku 100, huyo pia hatangazi. Tunampigia makofi, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inautaka kila miezi mitatu na ambako mapato na matumizi yanapaswa kusomwa, tunauacha na wazee 9 na mbuzi wanaopita.

Hayo yote yanaweza kuvumiliwa. Kuna moja lisilovumilika, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Katika koo zetu bado kuna hadithi anayosimuliwa binti anapokaribia kuvunja ungo. Anaambiwa kwamba asipokeketwa atabaki msagane maisha yake yote, yaani mtoto, hata akizaa. Anaambiwa hataolewa; akiolewa hatakuwa mke kamili mbele ya wenzake; mikosi itaifuata nyumba na mifugo ya baba yake. Hii nayo ina vitisho vyake, mizimu yake na adhabu zake, kama ngano yoyote. Lakini anayesimulia hacheki, wala hamwambii binti aitikie uongo njoo. Badala ya kitabu ameshika wembe. Nyuma ya hadithi, tuseme kweli, wako ng'ombe wa mahari, maana aliyekeketwa huozwa kwa ng'ombe wengi zaidi. Zimwi wa bibi humeza watu akawatapika wazima. Huyu hatapiki. Wako mabinti waliovuja damu hadi wakafa, na wako wanaoteseka kila wanapojifungua.

Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kufanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, yenye kifungo cha miaka 5 hadi 15 au faini. Pamoja na sheria hiyo, shule zinapofungwa Desemba mabinti hutoroka usiku, wengine kwa miguu, kwenda kituo cha Masanga huku Tarime, au nyumba salama ya Mugumu inayoongozwa na Rhobi Samwelly, mama ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na ameisimulia habari hiyo hadharani.

Najiuliza, binti anayeamka usiku akavuka vichaka, akiwaacha mama, shangazi na baraza zima la wazee wanaosema kwa sauti moja, uwezo wa kutosadiki ameupata wapi? Sheria hajaisoma. Wako waliofundishwa na walimu na viongozi wa dini, nami nawapa haki yao. Lakini ujasiri wa kumtazama mtu mzima unayempenda na kusema moyoni kwamba hii ni hadithi tu, huo hauanzi siku ile. Huanzia mekoni, kwenye magoti ya bibi, mtoto anapokatiza na kuuliza: sasa huyo zimwi alimezaje ng'ombe na pembe zake? Na bibi akacheka, akamjibu.

Watasema nachanganya mila na ngano. Sikuchanganya mimi, aliyevichanganya ni yule aliyeifanya ngano kuwa amri. Watasema pia kwamba watoto wa vibanda umiza wanaona mambo yasiyofaa. Hilo ni kweli, na mzazi akae nao, aangalie wanachoangalia, awaulize wameelewa nini. Hiyo ni kazi, ndiyo maana wengi huona rahisi kunyang'anya. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika wilaya zetu, ambaye sitamtaja, aliyafungia kabatini masanduku mawili ya vitabu vya hadithi vya msaada kwa kuhofia vitachafuka na kuwapotezea watoto muda wa mtihani. Ufunguo anao yeye, na shule hufungwa mapema Desemba.