Mtoto akitokwa machozi kwenye baiskeli, usimkimbizie kichupa cha dukani

SEHEMU YA 1



Wiki hii inboksi yangu ina swali moja tu, limebadilishwa majina. "Dada nesi, mwanangu nikimpakia kwenye baiskeli macho yanamwasha, yanatoka machozi, yanakuwa mekundu. Nimwekee dawa gani ya matone?" Wengine hamjauliza hata dawa gani. Mmenituma picha ya kichupa kabisa, kimeshafunguliwa, mnataka kujua tu matone mangapi.

Jibu langu kwa wote: hakuna matone. Kiweke chini hicho kichupa, halafu nisome mpaka mwisho ndio unitukane.

Mimi niko huku bonde la Kilombero, Ifakara. Huku baiskeli ndio gari la familia. Mama anaenda shambani nayo, mtoto mgongoni, mwingine kwenye keria, jembe limefungwa pembeni. Kiangazi kikiingia vumbi haliishi. Msimu wa mpunga pumba zinapeperuka kila ulipo mtambo wa kukobolea. Jioni wadudu wanakuingia mpaka mdomoni. Kwa hiyo macho kuwasha kwenye baiskeli sio jambo nililosoma chuoni, mimi mwenyewe napanda.

Na ninachokiona kazini ni kwamba vumbi lenyewe haliwaumizi watoto wengi. Kinachowaumiza zaidi ni kile tunachowawekea baada ya vumbi.

SEHEMU YA 2

Tuanze na hili: kwa nini jicho linatoka machozi ukiwa unaendesha?

Jicho lako limefunikwa na utando mwembamba sana wa machozi. Una maji, una mafuta kidogo juu yake ili maji yasikauke haraka, na una ute unaoshikilia vyote kwenye jicho. Kila ukipepesa unaupaka upya. Sasa ukipanda baiskeli, upepo unakupiga usoni na ule utando unakauka upesi. Jicho likikauka linawaka, linatuma taarifa, na tezi ya machozi inamwaga maji mengi kwa mkupuo. Yanakuwa mengi kuliko vile vitundu viwili vidogo vya kona ya ndani vinavyoyapeleka puani, basi yanamwagika mashavuni. Ndio maana na kamasi zinakutoka.

Umeelewa hapo? Mara nyingi jicho linalomwaga machozi kwenye upepo ni jicho lililokauka, na linajiosha lenyewe. Likiingiwa na punje ya vumbi ni vile vile, machozi ndio maji ya kulisukumia nje.

Mkishuka kwenye baiskeli, mkakaa kivulini, akanawa uso, baada ya muda mfupi linatulia. Jicho hilo halina ugonjwa, limefanya kazi yake. Na wewe unataka kulitibu kwa sababu gani?

Kingine. Angalia mtoto anakaa wapi. Yule anayewekwa mbele, kwenye kile chuma kati ya kiti na usukani, ndiye anapokea upepo wote, vumbi lote na wadudu wote. Wewe nyuma yake umekingwa na kichwa chake. Nimeona baba kavaa miwani yake meusi, kapendeza, mtoto wa miaka mitatu yuko mbele macho makavu. Baba wewe, hiyo miwani umemvalia nani?

SEHEMU YA 3

Sasa tuje kwenye kichupa. Hapa ndipo nitakosana na watu.

Matone mengi mnayouziwa dukani kwa ajili ya "macho mekundu" yana dawa mbili ndani: moja ya kuua bakteria, na nyingine ya kundi la steroidi. Chukua boksi lako sasa hivi usome. Ukiona jina linaloishia na herufi SONE au SOLONE, kama dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Kwa sheria ni dawa ya cheti. Haitakiwi kuuzwa kama pipi.

Mnaipenda kwa sababu inafanya kazi haraka. Asubuhi unaweka, mchana jicho jeupe. Lakini inachofanya ni kuzima wekundu kwa kuituliza kinga ya jicho. Kama kulikuwa na kidonda, hujakitibu, umemfukuza mlinzi. Fangasi au kirusi aliyeko pale anashukuru.

Na ukiitumia kwa muda mrefu, leo matone, wiki ijayo matone, kila mkitoka safari matone, presha ndani ya jicho inaweza kupanda. Inapanda bila maumivu. Mtoto hasemi kitu kwa sababu haoni tofauti, mpaka mshipa wa kuona uwe umeshaharibika. Kuona kulikopotea kwa presha ya jicho hakurudi, hata umpeleke wapi. Dawa hiyo hiyo inaweza pia kumletea ukungu ndani ya jicho, ule tunaouita mtoto wa jicho, ambao wengi mnadhani ni wa wazee tu.

Sisemi dawa hii ni mbaya. Daktari wa macho anaiandika, na inaokoa macho. Ila yeye anaangalia kwanza kwa taa yake kama kuna kidonda, anapima presha, anakupa siku na anakuambia urudi. Muuza duka amepima nini?

Nitasema na hili, ingawa linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini, jirani yangu alikuja jioni na mwanae wa kiume. Walitoka kupeleka mpunga kukoboa, wakiwa kwenye baiskeli, pumba ikamwingia jichoni. Jicho jekundu, machozi. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na kichupa kilichobaki nyumbani, nikampa. Nikamwambia, "Weka mara tatu kwa siku, litatulia." Na kweli siku mbili za kwanza lilitulia, akanishukuru. Wiki ya pili alirudi mtoto ana doa jeupe katikati ya jicho, hataki hata kutazama mlango. Tukampeleka kwa wataalamu, wakapambana. Kidonda kilipona ila kovu lilibaki. Leo ni kijana mkubwa, na kwa jicho lile anatofautisha mwanga na giza, basi.

Mama yake hajawahi kunilaumu. Ananisalimia vizuri kila siku. Sio muuza duka aliyempa, ni mimi, nesi mwenye cheti, tena nilijua kwamba mabaki ya mimea yakikwaruza jicho yanaweza kuleta fangasi. Kwa hiyo mkiniona nakuwa mkali humu, sio kwamba najifanya najua sana.

SEHEMU YA 4

Jana mmenijibu mengi. Nachukua matatu.

La kwanza: "Dada nesi, hospitali ni mbali na foleni ni ndefu, duka liko hapo." Ni kweli, na sitawabeza kwa hilo. Lakini kwa jicho la upepo huhitaji duka wala hospitali, unahitaji maji safi. Na kwa jicho lenye kidonda duka haliwezi kukusaidia hata liwe mlangoni. Kwa hiyo ile hela ya kichupa, katika hali zote mbili, umeitupa. Na watoto chini ya miaka mitano, sera yetu Tanzania ni matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Uliza, dai. Ukiambiwa dawa hakuna, angalau jicho litakuwa limeangaliwa na mtu.

La pili: "Basi sisi tunatumia vya asili, maziwa ya mama." Mama zangu, maziwa yako ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto wako, mpeleke mdomoni. Yakikaa jichoni ni chakula cha wadudu wa magonjwa. Hivyo hivyo maji ya sukari, maji ya chumvi ya kukisia, majani ya chai, mkojo. Na ile ya kulamba jicho la mtoto kwa ulimi kutoa mchanga, naijua, bibi yangu alikuwa anafanya kwa upendo kabisa. Mdomo una bakteria wengi mno. Tuache. Mwanzoni mwa 2024, ule ugonjwa wa macho mekundu ulipotuvamia Dar es Salaam na mikoa mingine, wizara ilitoa tahadhari juu ya kujiwekea vitu visivyo dawa machoni. Ule ulikuwa wa kirusi, kwa wengi unaisha wenyewe. Shida ni yale watu waliyojimwagia wakati wanasubiri uishe.

La tatu, na hili ndilo limeniudhi: "Mama wa kijijini avae miwani kwenye baiskeli? Si watamcheka, anajifanya mtu wa mjini." Acha wacheke. Fundi wa kuchomelea akivaa miwani hachekwi, wanasema anajali kazi. Mwanamke akikinga macho yake na ya mwanae ndio anajifanya? Kijana wa bodaboda akivaa ni mtanashati, mama akivaa ni maringo. Hilo sio suala la macho tena, na mimi silinyamazii.

SEHEMU YA 5

Haya, ya kufanya. Ihifadhi hii.

Kabla ya safari: ukiweza, toka mapema kabla upepo na magari havijaanza. Vaa miwani, sio lazima ya bei. Ile myeupe ya kinga ya mafundi inayofunika hadi pembeni, ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, inatosha kwako. Usivae nyeusi jioni au usiku, hutaona shimo wala ng'ombe. Mtoto mkubwa mtafutie inayomkaa. Mdogo mvalishe kofia yenye ukingo mbele, na wa mgongoni geuza uso wake uelekee mgongo wako, mfunike kanga juu bila kumziba pua.

Mwenye umri wa kukaa vizuri, nyuma yako ni bora kuliko mbele, unamkingia upepo. Ila miguu iwe mbali na spoki. Visigino vilivyokatwa na gurudumu nimeshashona vya kutosha, weka kizuizi pembeni.

Njiani: lori likija, simama pembeni, geuka, subiri vumbi lishuke. Kitu kikiingia jichoni, shuka kwanza. Usiendeshe jicho moja limefumbwa na mtoto umempakia. Usisugue, kusugua ndiko kunakochora kidonda. Pepesa mara nyingi. Vuta kope ya juu polepole ifunike ya chini, achia, machozi yatoe punje. Bado? Nawa mikono, mwagia maji safi yanayotiririka, maji yale yale unayoweza kuyanywa. Beba chupa ya maji, ina kazi mbili.

Kama ni chokaa, saruji, dawa ya shamba au sabuni ya unga, usinisome tena: osha kwa maji mengi mfululizo, robo saa isipungue, nusu saa ni bora, ndipo ukimbilie kituoni.

Mkifika nyumbani: mnawishe uso kwa maji na sabuni, kila mtoto taulo lake. Uso msafi unafukuza nzi, na nzi ndio wanaobeba trakoma, vikope, kutoka mtoto hadi mtoto.

Na kile kichupa kilichobaki kabatini kitupe. Tone la macho likishafunguliwa, baada ya wiki nne kwa kawaida halifai hata kama limejaa. Na la mtoto wa jirani halikuwa la wako tangu mwanzo.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Sasa nigeuze. Nimewaambia msikimbilie dawa, lakini sijasema mpuuze. Haya hayasababishwi na upepo, nenda kituoni siku hiyo hiyo:

Jicho linauma kweli, hataki mwanga, anaficha uso. Anaona ukungu. Kuna doa jeupe kwenye sehemu nyeusi. Usaha. Kitu kimenasa hakitoki. Jicho moja tu jekundu na limepitisha siku ya pili. Limepigwa na tawi, pumba au jiwe.

Kichanga chini ya mwezi mmoja mwenye usaha machoni, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

Mtoto mchanga anayetokwa machozi hata akiwa ndani, bila wekundu, mara nyingi ni kinjia cha machozi hakijafunguka. Wengi hufunguka kabla ya mwaka, mlete tukuonyeshe kumsugua pembeni ya pua. Lakini kama macho yake yanaonekana makubwa kuliko kawaida, yana ukungu na anaogopa mwanga, huenda ni presha ya jicho ya kuzaliwa nayo. Watu watakusifia "mtoto ana macho mazuri makubwa". Wewe mlete haraka.

Ukiona mboni inang'aa weupe, labda kwenye picha ya simu, mlete. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa inatibika.

Na yule ambaye macho yanamwasha kila msimu, anasugua mpaka usiku, huyo ana mzio. Hawa ndio wanaomaliza vichupa vingi kuliko wote, na ndio wanaopofuka kimya kimya. Anahitaji daktari wa macho amfuatilie. Usimwache kwa muuza duka.

Nanyi wauza dawa mnaonisoma, najua mpo. Mama akija na mtoto jicho jekundu, muulize swali moja: lilianzaje? Akisema pumba au jani, mwambie aende kituoni. Utakosa hela ya kichupa kimoja. Mimi nilitoa changu bure, na kila asubuhi yule kijana akipita na baiskeli yake ananipungia mkono.

Mtumie mama mwenzio mwenye baiskeli. Maswali leteni hapo chini, ila picha za vichupa sitajibu.