Umefeli kipimo cha dawa za kulevya kabla ya kuajiriwa udereva? Anzia hapa

Aliyewahi kupima mimba nyumbani anajua kuwa mistari miwili maana yake mimba ipo. Kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi nacho kinasomwa hivyo hivyo. Kijiti cha kupima dawa za kulevya kwenye mkojo kinasomwa kinyume chake. Mistari miwili, wa C na wa T, maana yake hakuna kilichoonekana. Ukitokea mstari wa C peke yake, hapo ndipo kijiti kinaposema kuwa kuna kitu. Mstari wa T ukiwa umefifia mpaka unauona kwa taabu, huo bado ni mstari, na majibu yake ni kuwa hakuna kitu. Usipotokea mstari wa C, kijiti hicho ni kibovu na kipimo kirudiwe.

Nimeanza na hilo, mpenzi msomaji, kwa sababu naletewa vijana walioomba kazi ya kuendesha malori, wakapewa kikombe wajaze mkojo, wakaambiwa "umefeli", na wakarudi nyumbani bila ya kuelezwa jambo jengine lolote. Kijana anafika mlangoni amekata tamaa, mama analia, baba ameshaanza kuuliza ni rafiki gani aliyemharibu. Baadhi ya vijana hawa hawakutumia kitu chochote. Wengine walitumia. Makundi yote mawili wanahitaji kuanza na hatua zile zile.

Niseme mapema kuwa siwalaumu wenye malori kwa kupima. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde moja. Dereva akichelewa sekunde hiyo kukanyaga breki, lori lenye kontena kutoka bandari ya Malindi au lililosheheni mchanga limeshakwenda mita 17 zaidi, na pale Mwanakwerekwe watoto wanapotoka skuli mita hizo zina watu. Bangi hupunguza wepesi wa kufanya uamuzi. Heroini humlaza mtu akiwa amekaa. Mirungi na vidonge vya kuondoa usingizi humpa dereva saa kadhaa za kujiona macho, halafu usingizi uliocheleweshwa humjia wote kwa mpigo. Kupima ni haki ya kila mtu anayevuka barabara. Ninachokidai ni kupima kwa uadilifu.

Siku ile ile uliyoambiwa umefeli

Usitie saini karatasi inayosema umekubali matokeo kama hujaelezwa matokeo yenyewe. Omba nakala yenye jina la kipimo, kundi la dawa lililoonekana, tarehe, saa na jina la aliyepima. "Umefeli" pekee si majibu ya kitabibu. Uambiwe ni bangi, ni afyuni, ni amfetamini, ni kokeini au ni dawa za usingizi.

Omba mkojo ule ule uhifadhiwe na upelekwe kwenye kipimo cha uthibitisho. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukienda mwenyewe kupima mkojo mwengine baada ya siku tatu na ukaonekana safi, hujathibitisha kitu, kwa sababu dawa nyingi huwa zimeshatoka mwilini. Mwajiri atakwambia hivyo, na atakuwa na hoja.

Kisha kaa chini uandike dawa zote ulizokunywa mwezi mzima uliopita, za hospitali, za dukani na za kienyeji. Njoo kwa daktari na karatasi hiyo pamoja na maganda ya vidonge na chupa zenyewe.

Kwa nini kijiti hukosea

Kijiti humtambua mtu kwa nguo. Mfano wake ni bawabu aliyeambiwa amzuie mwenye kanzu ya rangi fulani. Akipita mwengine mwenye kanzu ya namna ile, naye anazuiwa. Kemikali yenye umbo linalokaribiana na dawa ya kulevya inaweza kushika pale pale. Kipimo cha uthibitisho hufanywa kwa mtambo unaotenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Mtambo huo haupo katika kila kituo cha afya. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mfano wa mahali ambapo uchunguzi wa aina hiyo hufanywa.

Dawa za hospitali zinazoweza kukichanganya kijiti ni nyingi, na nyengine zimo kwenye makabati yenu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuleta majibu ya afyuni, kundi lenye heroini na mofini. Siprofloksasini na levofloksasini, tunazoandikia maambukizi ya njia ya mkojo na mengineyo, nazo zinaweza kufanya hivyo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, na vile vile prometazini tunayotoa kwa mzio na kutapika, zinaweza kuonekana kama amfetamini. Efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi iliyotumika kwa wingi miaka iliyopita, inaweza kuleta majibu ya bangi au ya dawa za usingizi.

Kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu ni jambo tofauti. Hiyo ni afyuni kweli, na hata mtambo mkubwa utaiona. Kinachokuokoa hapo ni karatasi ya daktari aliyekuandikia. Diazepamu ni hivyo hivyo. Kama ulijinunulia dukani bila ya kuandikiwa, huna karatasi. Hata ukiwa nayo, dawa hizi mbili zinalewesha na kusinzisha, kwa hiyo muulize daktari kama unaruhusiwa kuendesha wakati unazinywa.

Nilimtibu kijana mmoja aliyekuwa mwezi wa nne wa dozi ya kifua kikuu. Alikuwa amepona kikohozi, amerudisha uzito, ameomba kazi ya lori. Kijiti kikaonyesha afyuni na akarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Alipofika kwangu hakuja kuuliza habari ya kipimo. Alikuja kuniuliza kama anaweza kuacha vidonge wiki mbili ili akapimwe tena kwengine. Nilimjibu hapana, na nawajibu nyote hapana. Dozi ya kifua kikuu kwa kawaida ni ya miezi sita, na anayeikata katikati humpa mdudu nafasi ya kuwa sugu, akajidhuru yeye na wanaolala naye chumba kimoja. Kazi inaweza kutafutwa tena mwezi ujao. Kifua kikuu sugu kina matibabu marefu na magumu zaidi.

Hapa wengi hukwama kwa aibu. Dereva anayetumia dawa za kifua kikuu au za Ukimwi anajiuliza: nitajitetea vipi bila ya kumtangazia bosi maradhi yangu? Huna haja ya kumtangazia. Mwambie daktari. Barua ya daktari inaweza kusema kwamba unatumia dawa halali ulizoandikiwa, kwamba mojawapo inajulikana kuathiri kijiti, na kwamba mkojo wako unahitaji uthibitisho. Jina la ugonjwa si lazima litajwe.

Muda na hila

Mnaniuliza sana dawa hukaa muda gani. Heroini, kokeini na amfetamini kwa kawaida huonekana kwenye mkojo siku mbili mpaka nne. Bangi ya mara moja huonekana siku tatu hivi, lakini anayevuta kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima na zaidi, kwa sababu hujificha kwenye mafuta ya mwili. Diazepamu kwa aliyeizoea inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Tramadoli mara nyingi haionekani kwenye kijiti cha kawaida cha afyuni, ina kijiti chake. Mirungi, ambayo kwetu ni marufuku ingawa Kenya inauzwa hadharani, wakati mwengine huleta majibu ya amfetamini. Na yule anayesema alikaa barazani tu na wavutaji: kijiti cha kawaida cha bangi huanza kuhesabu kwenye nanogramu 50 katika mililita moja ya mkojo, na moshi wa mwenzako mahali pa wazi ni vigumu kukufikisha huko.

Kuhusu ndimu, siki, maziwa na ndoo ya maji, sikilizeni vizuri. Maabara makini hupima joto la mkojo mara tu unapoutoa, na hupima kama umezimuliwa. Mkojo wa rafiki uliofichwa mfukoni hupoa. Maji mengi kupita kiasi kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, ubongo ukavimba, mtu akapata degedege. Msinywe klorini ya kufulia; inachoma koo na tumbo.

Ikiwa ni kweli

Sasa nizungumze na wewe mzazi ambaye kipimo cha uthibitisho kimerudi na kimesema kweli. Usimfukuze nyumbani usiku huo, na usimfungie chumbani. Anayetumia heroini akikatishwa ghafla atapata arosto: maumivu ya viungo, kuharisha, kutapika, kukosa usingizi. Anayetumia pombe nyingi au diazepamu kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.

Kuna desturi ya kumpeleka kijana shamba au Pemba kwa wiki kadhaa ili awe mbali na wenzake. Hatari kubwa huja siku anaporudi. Mwili umeshasahau kiwango chake cha zamani. Akikirudia kile kile alichokuwa akitumia, pumzi inaweza kukatika. Wazee wengi huzika mtoto wakati wanadhani ameshapona.

Hapa Unguja ipo njia. Hospitali ya Kidongo Chekundu inatibu uraibu, na inatoa methadoni kwa waliozoea heroini. Tiba hii ilianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na baadaye ikafika kwetu. Mgonjwa hunywa dozi kila siku mbele ya mtoa huduma, arosto ikamwacha, akapata nafasi ya kurudi kwa watu wake. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, zile mnazoziita soba hausi, ambazo wengi wa wanaoziendesha waliwahi kuwa watumiaji wenyewe. Kwa anayevuta bangi tu, mara nyingi tunaanza na ushauri wa kliniki bila ya kumlaza.

Usimwahidi usukani mwezi ujao. Aanze na kazi nyengine, bandarini, dukani au gereji, mpaka awe ametulia na daktari wake ameridhika. Udereva utafuata.

Nchini Marekani, ambako baadhi ya ndugu zetu wanaendesha malori, sheria ya kuwapima madereva ipo tangu 1991 na ni kali. Tangu Januari 2020 anayefeli huingizwa kwenye daftari moja la nchi nzima, ambalo kila kampuni hulazimika kulitazama kabla ya kuajiri. Hata bangi iliyoruhusiwa na jimbo haimsaidii dereva. Lakini tazameni utaratibu wenyewe. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili. Majibu ya maabara humfikia kwanza daktari aliyesomea kazi hiyo, naye huzungumza na dereva kabla ya mwajiri kupewa jibu la mwisho. Dereva ana saa 72 za kuomba chupa ya pili ipimwe na maabara nyengine. Akithibitika, huonwa na mtaalamu, hutibiwa, hupimwa upya, na akirudi barabarani hupimwa kwa kushtukizwa si chini ya mara sita katika miezi 12 ya mwanzo.

Sisi hatuhitaji mitambo ya Marekani ili tufanye walau nusu ya hayo. Kugawa mkojo katika chupa mbili kunahitaji chupa ya pili tu. Kumpa dereva nafasi ya kuzungumza na daktari kabla ya kumfungia mlango kunahitaji siku moja au mbili. Nawaomba wenye kampuni za usafirishaji, na mamlaka zinazowasimamia, waliweke hili kwa maandishi: asikataliwe mtu kwa kijiti peke yake, na anayethibitika aelekezwe kwenye tiba na aambiwe ni lini anaweza kuomba kazi tena. Kijana anayejua kuwa akisema kweli ataangamia, atatafuta mkojo wa mwenzake, na tutakutana naye barabarani akiwa nyuma ya usukani.

Kwako uliyeshika karatasi ya "umefeli" asubuhi hii: andika dawa zako, ulizia mkojo wako uko wapi, na nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe leo. Kama ulitumia, mwambie daktari ukweli. Hataita polisi, anataka kujua ni nini, kiasi gani, na tangu lini, ili ajue pa kuanzia. Mzazi, mfuatane naye, na umwache aseme mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.