JIJI LIFUNGUE MLANGO HUU

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi mambo ya Serikali hufanywa kwa intaneti. Hata kama tajiri amekwisha kukukata kodi kila mwezi, ni lazima utoe hesabu yako kwa intaneti kabla ya 30 Juni kwisha. Ukitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti, au hati ya mwenendo mwema ya polisi ili upate kazi, utaambiwa uombe kwa intaneti.

Hatupingi jambo hili. Foleni za zamani twazikumbuka, na chai iliyodaiwa katika foleni zile twaikumbuka pia. Lakini asiye na kompyuta afanye nini? Huomba ruhusa kazini na kukosa mshahara wa siku ile, huenda saiba akalipa ili aandikiwe, tena humpa mtu asiyemjua nambari yake ya siri. Bwana mkubwa hufanya yayo hayo akiwa kitini mwake. Basi mwenye kidogo ndiye alipaye zaidi kwa huduma moja. Hiyo si haki.

Wako wasemao kwamba hii ni kazi ya makampuni ya simu na Serikali Kuu. Sisi twasema kuwa Jiji la Nairobi lina sehemu yake. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya maktaba na ya barabara za kaunti. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni za Jiji. Kumbi nyingi za mitaa ni za Jiji. Na kampuni ikitaka kupitisha nyaya zake kando ya barabara za Jiji, hupiga hodi kwa Jiji kwanza.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila maktaba na ukumbi wa Jiji uwe na kompyuta na intaneti ya bure, nao ufunguliwe jioni na Jumapili, wakati mfanyakazi ametoka kazini. Pili, pawe na karani mwenye subira wa kuwafundisha watu, kwa maana mashine bila mwalimu ni pambo. Tatu, kampuni ikipewa ruhusa ya kuchimba barabara, sharti liwe kwamba waya ufike ukumbini na shuleni katika mtaa ule.

Haya si ndoto. Huko Chattanooga, Marekani, mji mdogo kuliko Nairobi, shirika la umeme lililo mali ya jiji lilianza mwaka 2010 kuwauzia wateja wake wote intaneti ya kasi sana. Korona ilipofunga shule mwaka 2020, shirika hilo lilishirikiana na shule kuwapa watoto wa maskini intaneti bila malipo.

Na hapa kwetu tunao ushahidi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu. Mwafrika alibaki nje. Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua, ikawa ya watu wote. Mlango ule ulifungwa kwa rangi. Huu wa leo umefungwa kwa fedha, na Jiji laweza kuufungua.

Sheria yaitaka Kaunti kusikiliza wananchi kabla ya kupitisha makadirio ya fedha. Makatibu wa matawi, ulizeni siku ya mkutano, mwende na wanachama wenu, mkaseme. Mkinyamaza, fedha zitapangiwa mambo mengine.

Umoja ni nguvu.