Mbweha wa mikia tisa hana mwenyewe. Wako je?

Mvua ikinyesha huku jua linawaka, wazee wengi hapa kwetu watakuambia fisi anazaa. Wengine watasema anaoa. Japani nao wakiona mvua kama hiyo husema ni kitsune no yomeiri, yaani arusi ya mbweha. Hatukuwahi kukaa kikao nao, lakini sote tuliitazama mvua ya jua tukasema kuna mnyama mahali anafanya mambo yake kisiri.

Kitsune ndiye huyo mbweha unayekutana naye kila ukifungua simu. Msichana mwenye masikio ya mbweha, macho ya dhahabu, kimono na mikia tisa. Vijana wanamchora, wanamwandikia hadithi, wanamuuza kama stika na picha za wasifu. Na kila mmoja anakuapia kwamba huyu ni mhusika wake mwenyewe, hajaiga mtu. Sasa hebu tuulizane ukweli: mhusika uliyemtoa kwenye ngano za watu wengine anaweza kuwa wako? Na hizi programu za akili unde zikitoa mbweha mia kabla hujachonga penseli, wewe unabaki na nini?

Tuanze na mwenyewe wa mbweha. Ukweli ni kwamba hayuko. Mbweha wa mikia tisa yumo kwenye maandishi ya kale ya China. Wakorea wana wao, gumiho. Wajapani walimpokea wakamfanya Tamamo-no-Mae, mrembo aliyemroga Mfalme Toba, kisha akafukuzwa na kugeuka jiwe lenye sumu. Jiwe linaloitwa hilo liko Nasu, mkoa wa Tochigi. Machi 2022 lilipatikana limepasuka vipande viwili na mitandao ikashika moto, ati pepo ametoroka. Jiwe lilikuwa na nyufa tangu zamani, lakini nani angetaka kusikia hayo?

Kwa hivyo usiogope kugusa ngano. Sheria za hakimiliki hazilindi wazo, zinalinda namna wazo lilivyotekelezwa. Mikia tisa ni ya kila mtu. Lakini Kurama, yule mbweha aliyefungiwa ndani ya Naruto, ni kazi ya Masashi Kishimoto, aliyeanza kuchapisha manga hiyo mwaka 1999. Ukichora mbweha wa rangi ya machungwa aliyefungiwa tumboni mwa kijana mtukutu, buda, huyo si wako hata ukimbadilisha jina.

Mambo yanachacha tukifika kwa akili unde. Oktoba 2025, CODA, shirika la Japani linalotetea kampuni za anime na manga, liliiandikia OpenAI likitaka iache kutumia kazi za wanachama wake bila ruhusa kuifunza programu ya video ya Sora 2. Kichekesho ni kwamba Japani yenyewe ilirekebisha sheria mwaka 2018 na kulegeza masharti ya kufunza mashine kwa kazi za watu. Mlango uliufungua mwenyewe, sasa unalalamika baridi.

Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilisema Januari 2025 kwamba kuandika maagizo peke yake hakukufanyi kuwa mtunzi wa picha inayotoka. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Kwa maneno hayo unaweza kujaribu kumdai mbweha wako wa mashine. Lakini sheria hiyo iliandikwa miaka mingi kabla ya programu hizi, na mtu wa kukuibia anaweza kuwa Texas. Ukitegemea mashine pekee, unajenga kwa kiwanja kisicho na hati.

Halafu kuna shida kubwa kuliko sheria. Mashine hutoa kile kinachofanana na vingi ilivyolishwa. Ukiiambia "mbweha wa Kijapani", utapata yuleyule wa kimono na mikia tisa. Kumshinda si lazima uchore vizuri zaidi. Ni lazima ujue zaidi.

Nenda kwenye ngano zenyewe. Sanamu za mbweha katika hekalu la Fushimi Inari, Kyoto, nyingine zimeshika ufunguo mdomoni, ambao husemekana ni wa ghala la mchele. Mbona mchele? Kwa sababu Inari ni mungu wa mchele, na mbweha hula panya wanaoharibu nafaka. Kumbe huyu si mrembo wa usiku tu, ni mlinzi wa chakula cha watu! Halafu kuna Kuzunoha, mbweha aliyeolewa na binadamu akazaa naye, kisha akalazimika kumwacha mtoto siku siri yake ilipojulikana. Hapo tayari una hadithi, na hatujahesabu mkia hata mmoja.

Akira Kurosawa alichukua ile arusi ya mvua ya jua tu akafungua nayo filamu yake ya Dreams, mwaka 1990. Mtoto anakatazwa kutoka nje, anatoka, anaona asichopaswa kuona. Ngano ni ya wote, lakini hofu ya yule mtoto ni ya Kurosawa.

Kuna watakaokuambia Mkenya akichora kitsune anaiba utamaduni. Usiwapuuze haraka. Inari si vazi la sherehe, watu wanasali kwake hadi leo. Na sisi tuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jamii zetu, kwa sababu tulichoka kuona wageni wakizivuna bila kuuliza. Heshima unayotaka kwa vitu vya shosho wako, mpe Mjapani vilevile. Soma, taja ulikotoa, usimgeuze mtakatifu wa watu kuwa picha chafu ya kuuza.

Kisha linda jasho lako. Hakimiliki huanza pale kazi inapowekwa kwa karatasi au kwa faili, lakini KECOBO husajili, na usajili husaidia mkizozana. Weka michoro ya kwanza, ile mibaya, na tarehe zake. Andika mbweha wako anataka nini, anaogopa nani, na siku gani atalazimika kuondoka.

Ukishindwa kujibu hayo matatu, huna mhusika bado. Una mikia tu.