Mto Kanoni Upimwe, na Vipimo Visomwe Hadharani

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii twaijua sote, nasi walimu twawafundisha watoto kila mwaka. Lakini likija jambo la mto wetu twaisahau. Kwa hiyo twataka kunena juu ya mto Kanoni, upitao katika mji wa Bukoba na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, ziwa lile lile ambalo maji ya bomba ya mji huvutwa humo.

Wako wasemao ya kuwa maji yatembeayo hayana uchafu. Labda neno hili lilikuwa na nafuu zamani, watu walipokuwa wachache na migomba ikisimama baina ya nyumba na mto. Leo mji umeusonga mto. Mvua ya Bukoba, ifikayo karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hufagia njia, masoko, mitaro na vyoo vifupi, na yote hushuka bondeni. Maji hutembea, ni kweli. Lakini uchafu nao hutembea pamoja nayo hata ziwani.

Wengine husema, yatosha kuyatazama: yakiwa maangavu ni mema. Hawa wayaamini macho kuliko yapasavyo. Mwaka 1884 Robert Koch, yule aliyefika ziwa letu mwaka 1906 kuchunguza malale, aliwatangazia watu kijidudu kiletacho kipindupindu. Kijidudu hicho hakibadili rangi ya maji wala ladha yake. Bilauri yaweza kung'aa mezani, na kifo kimo ndani.

Tena wako wasemao ya kuwa kupima ni kazi ya wakubwa tu. Twakubali ya kuwa wataalamu wa maji wana vyombo tusivyo navyo. Lakini je, sisi hatuna macho, saa na daftari? Mwaka 1865 padre mmoja wa Shirika la Yesu, Angelo Secchi, alishusha kisahani cheupe baharini kwa kamba, akaandika kina ambacho kisahani kilipotea machoni. Mpaka leo maziwa makubwa hupimwa kwa njia hiyo. Darasa la watoto laweza kuifanya penye kina, karibu na mdomo wa mto.

Vijidudu, hapana, hivyo vyataka maabara. Maji huchotwa kwa chupa iliyotakaswa, huwekwa penye baridi, na hufikishwa upesi, yasipite saa 24. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa maji ya kunywa yasionekane hata kijidudu kimoja cha kinyesi, yaani *E. coli*, katika mililita 100. Tena yafaa kuchota mahali patatu: juu kabla mto haujaingia mjini, katikati ya mji, na pale unapoingia ziwani. Tofauti ya hapo tatu ndiyo ituambiayo uchafu waingilia wapi. Wala kupima mara moja hakufai, kwa maana maji ya kiangazi si maji ya mvua za kwanza. Apimaye siku aliyoichagua mwenyewe, ajitafutia jibu alipendalo.

Hata hivyo, neno letu kubwa si kupima, bali kusema. Kipimo kilalacho kabatini hakimwokoi mtoto hata mmoja. Twataka hesabu za kila mwezi zibandikwe sokoni, penye zahanati, shuleni na mlangoni pa kanisa, kwa Kiswahili chepesi: hapa oga, hapa usiteke. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazuia kazi za kudumu ndani ya meta 60 za kingo za mito, tena yampa mwananchi haki ya kupata habari za mazingira. Basi tukiuliza hatumvunjii mtu heshima. Twauliza kilicho chetu.

Wako watakaosema ya kuwa habari hizo zitauaibisha mji. Na wakumbuke watu wa Yeriko. Mji wao ulikuwa mzuri, lakini hawakumficha Elisha ubaya wa maji yao. Walimwambia wazi, naye akaenda kwenye chemchemi yenyewe. Kama wangaliona haya, wangaliendelea kunywa mauti.

Nawe msomaji wa Muleba usiseme, hayo ni ya watu wa mjini. Hatusemi ya kuwa taka za Kanoni zafika Goziba au Bumbire. Twasema kila mwalo na kila kijiji kina Kanoni yake, kijito ambacho juu yake wafua, na chini yake wateka. Watoto wako wasomao mjini hunywa maji ya huko, na ndizi zako huoshwa kwayo.

Basi tuanze. Wazee wa kanisa na waalimu wachague siku moja ya kila mwezi, waende mtoni pamoja na watoto, waandike waonayo, kisha wawaulize wenye maabara hesabu zao, wazisome mbele ya watu. Zikiwa njema, tutamshukuru Mungu kwa kujua. Zikiwa mbaya, tutachemsha maji, tutahamisha vyoo, na tutamwendea kila mwenye kumwaga taka mtoni, awe jirani yetu au tajiri. Ugonjwa usiongoje sisi tuone haya.