Mstaafu wa Mwanjelwa Anapohamia Ughaibuni
Mstaafu wa utumishi wa umma anayeondoka Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenda kuishi na wanawe Marekani huendelea kutegemea mfumo uliojengwa kwa ajili ya mtu aliye karibu. Pensheni yake hulipwa na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya awali ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, nayo hudumu mradi uhakiki umefanyika, yaani uthibitisho kwamba mlipwaji bado yu hai. Jambo linalosahaulika zaidi ni laini ya simu: namba ya uthibitisho ambayo benki huituma ili kuidhinisha muamala hufika kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na laini hiyo ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, huku vidole vya mwalimu mstaafu aliyelima viazi kila likizo, vilivyosuguliwa na jembe hata mistari yake ikafifia, vikiweza kukataliwa na mashine siku anaporudi kuifufua. Ndiyo maana hati ya uwakilishi, inayompa ndugu mamlaka ya kisheria ya kushughulikia mambo yake, inapaswa kuandaliwa kwa wakili kabla ya safari, majina yakilingana herufi kwa herufi na ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Pengo lenye uchungu zaidi ni la afya: bima ya mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF, inayomhudumia mstaafu mwanachama na mwenzi wake bila michango mipya, humfaa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya lakini haimfuati ng'ambo, na mtu aliyechangia tangu mfuko huo uanze kazi mwaka 2001 hujikuta akimwomba mwanawe fedha za dawa ya shinikizo la damu.